Abiria Mkubwa Alikuwa Chuo: Kisa cha Ruzuku ya Utafiti wa Ujasiriamali Jamii Visiwani Lamu

Kuhusu kisa hiki

Majina ya kijiji, chuo na mfadhili yameondolewa, mwaka haukutajwa, na viwango vya pesa vimebadilishwa bila kuvuruga uwiano wake. Visiwa vya Lamu ni vidogo na watu wanajuana, kwa hiyo hata ukubwa wa mashine ya boti nimeuacha. Kilichobaki ni mfuatano wa mambo kama unavyosomeka katika jalada la mradi, katika daftari la kikundi na katika maelezo ya pande zote mbili. Nimewaandikia watafiti chipukizi, pamoja na maofisa wa vyuo wanaoshika majalada ya ruzuku. Hao wa pili zaidi.

Usuli

Kikundi ni cha kina mama wa kijiji kimoja upande wa kaskazini wa visiwa. Walichanga kidogo kidogo, wakapata msaada wa nje mara moja tu, wakanunua boti ya faibaglasi na mashine yake. Boti hubeba abiria na mizigo kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, na kurudi. Nauli hununua petroli na humlipa nahodha, na kinachobaki huwekwa akiba ya jambo moja: mwanamke akishikwa na uchungu usiku, au mtoto akizidiwa, boti humpeleka hospitali bila kuuliza nauli. Aliyewahi kupwelewa katika Mkanda, mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, akakaa chomboni kungoja maji yajae, hahitaji kuelezwa kwa nini kina mama hao walitaka boti kabla ya mashine ya kusaga.

Biashara ya aina hii, inayouza huduma ili faida itatue shida ya jamii badala ya kugawanwa na wenye hisa, ndiyo wasomi wanaiita ujasiriamali jamii. Taaluma yenyewe si kongwe. Shirika la Ashoka, lililoanza kuwatafuta na kuwasaidia wajasiriamali wa namna hii, liliundwa mwaka 1980. Muhammad Yunus na Grameen Bank ya Bangladesh, benki inayowapa maskini mikopo midogo, walipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006, somo hili lilikuwa limeshaingia katika vyuo vya biashara vya Ulaya na Marekani. Kenya haina sheria mahususi ya biashara hizi. Moja utaikuta imesajiliwa kama kikundi cha jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, nyingine ni chama cha ushirika, nyingine ni kampuni isiyogawa faida. Hakuna orodha moja ya kuzitafuta, kwa hiyo mtafiti huishia kuchagua zile anazozijua au zile alizoonyeshwa.

Ruzuku yenyewe ilikuwa ya miaka miwili, kutoka kwa mfadhili wa ng'ambo, ikipitia chuo kikuu kimoja cha umma. Mtafiti mkuu alikuwa mhadhiri wa biashara, na chini yake mwanafunzi wa uzamifu ambaye ada yake ililipwa na mradi huohuo. Swali lao lilikuwa zuri na fupi: je, biashara ya namna hii inaweza kulipia huduma yake ya kijamii kwa mapato yake yenyewe, bila kuegemea msaada? Walichagua vikundi vitatu. Kile cha boti ndicho kilichokuwa moyo wa utafiti.

Bajeti ya barabarani

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu wengi walioniuliza kuhusu kisa hiki walitaka niruke moja kwa moja hadi kwenye kosa, na kosa lilianzia humu.

Fomu ya bajeti ya chuo ilikuwa na mstari wa usafiri unaohesabiwa kwa kilomita. Mstari wa bahari haukuwapo. Mtafiti mkuu aliandika makisio yake chini ya "usafiri wa ndani", akakadiria kwa nauli ya kiti kimoja katika boti ya abiria, na kuongeza kidogo. Makisio yalikuwa ya haki kwa mtu anayesafiri kama wenyeji wanavyosafiri, yaani anayengoja boti ijae watu na maji yajae mkondoni.

Ratiba nayo iliwekwa Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa inasafirika vizuri. Fedha za awamu ya kwanza zikachelewa. Mkataba ulikaa ofisi ya sheria, kisha akaunti ya mradi ikakaa idara ya fedha, na mwaka wa fedha wa serikali ulipokaribia kufungwa tarehe 30 Juni, mkuu wa idara akashauri pesa zitumike haraka zisije zikaleta maswali. Kibali kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, kilikuwa tayari, na cha kamati ya maadili pia. Safari ya kwanza ikaangukia Juni, kusi imeshika, mawimbi nje ya visiwa si ya kuchezea, na boti ndogo za abiria zinaondoka siku zinazotaka.

Kila usiku wa kungoja ulikuwa posho kwa watu wanne. Timu ikaamua kukodi boti nzima.

Uamuzi wa kukodi boti ya kikundi

Kulikuwa na vyombo vingine vya kukodi. Boti ya kina mama ilichaguliwa kwa sababu tatu, na kila moja ukiisoma peke yake utaikubali.

Kwanza, usalama. Ilikuwa na jaketi za kuokoa maisha za kutosha na nahodha mwenye sifa ya kutolazimisha safari. Pili, nia njema. Mtafiti mkuu aliona ni aibu kuja kusoma biashara ya watu kisha kumpa jirani yao pesa ya usafiri. Tatu ni risiti, na hii ndiyo iliyokata shauri.

Anayechukua masurufu, yaani pesa za safari zinazotolewa kabla, katika ofisi ya umma hutakiwa kuyarudishia hesabu akishamaliza safari, na hesabu ni karatasi. Mvuvi mwenye boti yake hana kitabu cha risiti wala muhuri. Kikundi cha kina mama kilikuwa navyo vyote viwili, na cheti cha usajili juu yake. Karani wa fedha alimwambia mtafiti mkuu waziwazi kwamba karatasi iliyosainiwa na nahodha kwa kalamu haitapita. Kwa hiyo kanuni ya uhasibu, iliyowekwa kwa sababu nzuri kabisa ya kuzuia wizi, ikawasukuma watafiti wakanunue huduma kwa watu walewale wanaowachunguza. Hakuna aliyeliona hilo kama jambo la mbinu za utafiti. Lilionekana ni jambo la hati za malipo.

Kiti kimoja hadi Amu kilikuwa shilingi 400. Kukodi boti nzima, kwenda na kurudi, shilingi 12,000. Timu ilikodi mara kadhaa kila wiki iliyokuwa visiwani, ikarudi tena baada ya mvua za vuli, na mara hii ikaitumia boti hiyohiyo kwenda hadi kwenye vile vikundi viwili vingine.

Ripoti ya kwanza

Hojaji ziliulizwa kwa Kiswahili, nyumba kwa nyumba. Kulikuwa na ugumu ambao mtu wa bara asingeutarajia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe takriban shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya madhara ya ujenzi wa bandari. Tangu hapo, mtu akija na karatasi yenye nafasi ya jina na kazi, swali la kwanza ni kama hii ndiyo orodha ya fidia. Mwanafunzi wa uzamifu alitumia muda mrefu kueleza kwamba karatasi yake haina pesa ndani. Waliomwelewa walijibu vizuri. Wengine walijibu kama watu wanaoandikishwa.

Hesabu za biashara zilichukuliwa kwa jumla za mwezi. Mweka hazina alisoma, mtafiti akaandika. Jumla zilipendeza: kwa robo mbili za mwaka mapato yalishinda gharama, na safari zote za wagonjwa zilikuwa zimelipiwa na faida. Ripoti ya kwanza ikasema kwamba kikundi kimefikia kiwango cha kujitegemea. Mfadhili alifurahi na awamu ya pili ikatoka kwa wakati, jambo ambalo katika majalada ninayoyajua ni nadra.

Nakala ya ripoti, yenye nembo ya chuo, ilipelekwa kijijini kwa adabu, kama kamati ya maadili ilivyotaka. Kikundi kikaifanyia kazi. Viongozi waliipeleka kwa mkopeshaji, wakaomba mkopo wa mashine ya pili ya boti. Mkopeshaji aliona neno la chuo kikuu, akakubali.

Neno "chuo" katika daftari

Daftari la kikundi ni kaunta buku ya kawaida, jalada jeusi lenye mgongo mwekundu, kurasa zimepigwa mistari kwa rula: tarehe, safari, zilizoingia, petroli, nahodha, baki. Katika safu ya safari mweka hazina huandika kwa ufupi. "Amu asubuhi." "Mzigo wa simiti." "Mgonjwa", na mbele yake sufuri iliyozungushiwa duara.

Mwaka wa pili mwanafunzi aliamua kuingiza daftari lote kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, kwa sababu msimamizi wake wa pili alitaka kuona tofauti ya kusi na kaskazi. Kwenye kurasa za Juni na Julai akakuta neno moja limerudiwa: "chuo". Alizichuja zile safari, akajumlisha. Kati ya kila shilingi 100 zilizoingia katika miezi ya safari za watafiti, 62 zilitoka kwa watafiti.

Alipoziondoa, hadithi iligeuka. Kusi yote biashara ilikuwa ikila hasara, na sufuri zenye duara hazikuwa zimelipiwa na faida hata kidogo.

Zililipiwa na nani basi? Swali hilo lilimrudisha kijijini, na alilolikuta huko naona lilikuwa na thamani kuliko ripoti yote ya kwanza. Safari ya mgonjwa usiku, nahodha hakuwa akichukua ujira. Katika safu yake palikuwa na kistari tu, na hakuna aliyewahi kuuliza kistari kina maana gani. Petroli mara nyingi ilitoka kwenye dumu la mvuvi jirani, ikarudishwa ikipatikana, au isirudishwe. Nauli ya mjini na chakula cha wodini kilichangwa usiku uleule, mlango kwa mlango. Hojaji haikuwa na nafasi ya kuandika mambo hayo, kwa kuwa iliuliza "vyanzo vya mapato", na hakuna mtu kijijini anayeita jambo hilo mapato.

Mwenyekiti wa kikundi alipoonyeshwa hesabu mpya hakushangaa. "Mwanangu, sisi twajua abiria wetu mkubwa ni nyinyi," alimwambia mwanafunzi. "Tulidhani nanyi mwajua."

Nini kifanywe?

Mtafiti mkuu alikuwa na njia kadhaa mbele yake. Angeweza kuziondoa safari za chuo kimyakimya na kurekebisha jedwali katika makala ya mwisho. Angeweza kukiondoa kikundi hiki na kubaki na viwili. Mwenzake mmoja idarani alimshauri njia hiyo ya pili, akisema kisa kilichochafuka hakisafishiki.

Alichagua kumwandikia mfadhili barua, akaijulisha kamati ya maadili, na kuifuta ripoti ya kwanza kwa maandishi. Sababu yake kubwa haikuwa jedwali. Ripoti ilikuwa imeshatumika kuchukulia mkopo, na jedwali zuri la makala lisingemfikia mkopeshaji.

Uamuzi mgumu zaidi ulikuwa juu ya safari zilizobaki. Kukodi boti ya kikundi kungezidi kuharibu takwimu. Kuacha ghafla kungewakata kina mama katikati ya marejesho ya mkopo ambao ripoti ya chuo yenyewe ndiyo iliwashawishi kuuchukua. Baada ya kikao na kikundi walikubaliana safari zipungue kwa muda wa miezi mitatu, kila moja iandikwe ukurasa wake peke yake, na takwimu za miezi hiyo zisihesabiwe. Baada ya hapo timu ikapanda boti za abiria kwa kiti kama kila mtu.

Mimi naona huo ulikuwa uamuzi sahihi hata kama uligharimu robo mwaka ya takwimu. Mkaguzi mmoja wa nje aliandika kwamba timu ilichanganya utafiti na ustawi wa jamii. Utafiti na pesa vilishachanganyika siku risiti ya kwanza ilipokatwa.

Matokeo

Mfadhili alijibu barua haraka na bila ukali, akaruhusu fedha za kukodi zihamishiwe kwenye siku za ziada za kazi visiwani. Chuo kilichukua muda mrefu zaidi kuidhinisha kile ambacho mwenye pesa alishakikubali.

Mashine ya pili iliuzwa kwa mvuvi wa kijiji cha pili, kwa hasara ndogo, na mkopo ukapangwa upya. Boti yenyewe inaendelea kufanya kazi. Ripoti mpya ilisomwa barazani kwa Kiswahili, na sehemu ya nahodha na mafuta ya kuazimana ilizua mjadala mrefu. Baadhi ya wanaume hawakupenda hisani yao ihesabiwe kwa shilingi mbele za watu. Kwa ombi lao, sehemu hiyo ilibaki kwa maelezo bila viwango.

Tasnifu ya uzamifu ilipita, ikiwa na dai dogo kuliko la awali. Kikundi kimoja kati ya vile viwili vingine kilijitoa, na sababu hakikutoa wala hakikulazimika kutoa.

Uchambuzi

Watu wa mbinu za utafiti wana lugha ya kutosha kuhusu mtafiti anayebadilisha anachokitazama. Kamati ya maadili iliuliza maswali yote ya kawaida: ridhaa, siri ya majina, zawadi kwa mhojiwa mmojammoja isiwe kubwa kiasi cha kumnunua. Shilingi mia chache za mhojiwa zilijadiliwa kikao kizima. Shilingi 12,000 kwa safari, zilizolipwa kwa kikundi kama muuzaji, hazikuonekana na mtu yeyote kwa sababu zilikuwa kwenye ukurasa wa bajeti, na bajeti husomwa na watu wengine. Pengo ni hapo. Anayesoma maadili hasomi bajeti, na anayesoma bajeti hasomi swali la utafiti. Katika utafiti wa malaria au wa mashairi pengo hilo huenda lisidhuru. Katika utafiti wa biashara ndogo, ambamo swali ni pesa inatoka wapi, linaua.

Swali lenyewe la kujitegemea nalo lilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo si ya timu hii peke yake. Ukiuliza kama biashara inajitegemea bila kuuliza mteja wake ni nani na atakuwapo hadi lini, utapata jibu la uongo lenye hesabu sahihi. Mradi wa Kipepeo wa Gede, karibu na Malindi, unafaa kutazamwa kwa jicho hilo. Ulianza mwaka 1993 kwa msaada wa wafadhili, na wakulima wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa, yaani viwavi vilivyojifunga kabla ya kugeuka vipepeo, kwa maonyesho ya ng'ambo. Jambo la kuchunguza pale ni mnunuzi wa mbali na anavyoathiri mfugaji. Katika kisa chetu mnunuzi wa mbali alikuwa ameketi ndani ya boti na kalamu mkononi.

Kilichofanya kazi ni kidogo lakini kina uzito. Mweka hazina aliandika "chuo" badala ya "abiria", bila kuombwa na mtu. Mwanafunzi alipitia mistari badala ya kuridhika na jumla. Kama mojawapo lingekosekana, makala ingechapishwa ilivyo na wengine wangeinukuu. Nami ningeongeza kwamba msimamizi wa pili, aliyetaka kuona kusi na kaskazi, alikuwa mzaliwa wa pwani; yule wa kwanza aliona mwaka ni miezi kumi na miwili iliyo sawa.

Kuhusu risiti sina huruma na upande wowote. Idara ya fedha ilikuwa na haki ya kudai ushahidi wa matumizi, na mtafiti mkuu alikuwa na haki ya kuogopa kukatwa mshahara. Lakini ipo njia ya kawaida ambayo ofisi nyingi huikubali mtu akiuliza mapema: hati ya malipo yenye jina, namba ya kitambulisho na sahihi ya mlipwaji, ikiambatishwa na ujumbe wa M-Pesa. Hakuna aliyeuliza mapema, na kufikia Juni hakukuwa tena na mapema.

Mtafiti mkuu ameomba ruzuku ya pili, ya kuchunguza hasa zile sufuri zenye duara. Safari hii bajeti imeweka nauli ya kiti kimoja, na siku za kungoja maji zimehesabiwa kuwa siku za kazi. Mfadhili amekubali. Idara ya fedha imeandika kuuliza risiti ya siku ya kungoja itatolewa na nani.